Kwa Ng'ombe Mtoto wa Baba, kwa Titi Mtoto wa Mama

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, vitenge na kiti cha plastiki chenye mikono, mkasema na maneno mazuri ambayo mngeyasema nikiwa bado kazini yangenisaidia zaidi. Kisha manesi vijana wa kliniki ya akina mama wakanivuta pembeni wakaniomba niwaandikie kidogo kuhusu uzoefu wangu. Basi nimekalia hicho kiti chenu naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua kwa sababu ndiyo hiyo hiyo mnayoinung'unikia ninyi. Nitaandika juu ya swali moja tu. Nimeliuliza karibu maisha yangu yote ya kazi na nimejibiwa ovyo karibu mara zote, na ikiwa baada ya kusoma hapa mtaendelea kuliuliza kama karani anayeuliza jina la kijiji, basi saa yenu ya ukutani nitairudisha.

Nilianzia zahanati ya Kimali, Meatu. Siku ya kwanza nilifika nimevaa sare iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa na soksi nyeupe hadi magotini, na vumbi la njia lilikuwa limekwisha kuifanya sare yote rangi ya ndama. Aliyenipokea ni Mama Leokadia, mkunga wa siku nyingi, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Alinitazama juu hadi chini, akasema, "Soksi vua. Hapa hakuna wa kumtisha." Nikavua. Miguu ikapauka kwa vumbi mpaka jioni, na tangu hapo tukaelewana.

Yeye ndiye aliyenifundisha kupima titi, na alinifundishia ugali. Alisonga ugali laini, akauacha upoe, akaficha ndani yake punje ya hindi, ya choroko na ya ulezi, akaufunika kwa kitambaa kilicholowa. Akaniambia nitafute kwa vidole vitatu vya katikati, kwa nyama ya kidole wala si kwa ncha, nikizunguka polepole kutoka nje kuja ndani. Hindi nililipata mara moja nikajisifu. Choroko ilinitoa jasho. Ulezi sikuupata kabisa, nikamwambia labda amesahau kuuweka. "Nimeuweka," akasema. "Hata mimi siupati. Ndiyo maana kwanza unauliza, halafu ndiyo unashika." Ugali tukawapa kuku, nao wakaupata ulezi bila shida.

Kuuliza nako alikuwa na namna yake. Kwanza unasalimia, na salamu za kwetu si za kupita tu: unauliza nyumba, unauliza mvua, unauliza ng'ombe, unauliza watoto. Ukimuuliza mtu ugonjwa kabla hujawajulia hali ng'ombe wake, atakujibu kwa adabu na hatakwambia kitu. Nawaona ninyi siku hizi mnaanza na "tatizo nini mama" kabla hajakalia benchi vizuri. Halafu mnalalamika kwamba wagonjwa wa huku ni wagumu.

Baadaye nikahamishiwa Bariadi. Wakati huo tulikuwa bado Mkoa wa Shinyanga. Simiyu ilikuja baadaye ikatukuta palepale na matatizo yaleyale. Nilikuta hospitali yenye kuta nzuri na kabati la dawa lisilo na dawa. Kisha ikaingia ruksa, soko likawa huria. Kabla yake dawa hazikuwepo, baada yake zikawa kila mahali, na mpaka leo sijui lipi lilinichosha zaidi. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na mizani yao, mabasi yakaongezeka, mitumba ikajaa gulioni, na pale karibu na stendi yakaota maduka ya dawa baridi moja baada ya jingine. Dawa baridi maana yake ni za maumivu ya kichwa, za kikohozi, za tumbo, na kadhalika. Lakini ukimruhusu mtu kuuza panado, asubuhi atauza panado na mchana atauza chochote kinachoingia kwenye chupa.

Duka lililonisumbua kuliko yote lilikuwa la Maduhu. Maduhu alikuwa mpima mizani wa pamba kwenye ushirika. Ushirika ulipoyumba akafungua duka, akanunua koti jeupe kuliko la daktari wetu, akaanza kuitwa dokta na wala hakukataa. Hakuwa mtu mbaya. Aliwakopesha wafiwa na alikuwa mchangamfu, jambo ambalo lilizidi kuniudhi, maana mtu mbaya ungemsema na watu wakakusikiliza. Huyo Maduhu akaanza kuleta kutoka Mwanza vidonge vya homoni kwa wanawake waliokoma hedhi. Pakiti ilikuwa na picha ya mama wa kizungu akicheka bustanini. Maduhu aliviita vidonge vya ujana.

Niwe mkweli juu ya vidonge hivyo, maana baadaye watu walivisingizia mengi. Si sumu. Hedhi inapokoma, homoni za mwanamke hushuka, na wapo ambao hupandwa na joto la ghafla, jasho likawalowesha, usingizi ukawakimbia, wakawa wakali kwa watu wasio na kosa. Vidonge hurudisha kilichoshuka. Wapo wanaovihitaji kweli, hasa wale ambao hedhi imewakatika mapema mno. Lakini titi nalo linasikia homoni, na kwa mwanamke ambaye ukoo wake una ugonjwa wa titi, hilo si jambo la kununua dukani pamoja na sabuni. Lazima kwanza aulizwe.

Nilimfuata Maduhu dukani asubuhi moja, akiwa anapangusa kioo.

"Maduhu, unamuuliza nini mteja kabla hujampa hivi vidonge?"

"Namuuliza anataka pakiti ngapi."

"Humuulizi kama mama yake au sengi yake aliugua titi?" Sengi ndiye shangazi, dada wa baba, huku kwetu hata kwenye Kiswahili tunamwita hivyo.

"Nesi Kwandu," akasema, bila hata kukasirika, "wewe serikali inakulipa uulize. Mimi nikianza kuuliza ukoo wa mtu, atavuka barabara. Kule ng'ambo kuna duka jipya, na yule bwana haulizi hata jina."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nikanunua panado, maana kichwa kilikuwa kimeanza kuuma, nikaondoka.

Haukupita muda mrefu wakaja kliniki mawifi wawili wa kijiji cha Dutwa. Mmoja aliitwa Kabula, mke wa mkulima mmoja aliyeitwa Masanja. Wa pili aliitwa Nkamba, dada yake Masanja, mjane aliyerudi kukaa kwa kaka yake. Walilima pamba pamoja, wakauza mchele pamoja, wakagombana pamoja na kupatana pamoja, na hedhi pia walikoma karibu msimu mmoja. Walikuwa wamekuja kupimwa presha. Nikaona kwenye kikapu cha Nkamba yule mama wa kizungu akicheka.

Nikasalimia kama nilivyofundishwa. Nikauliza mvua, nikauliza ng'ombe, ndipo nikauliza vidonge. Wote wawili walikuwa wanatumia, tena kwa furaha. Nikaanza na Kabula. Alinipa ukoo wake wote, upande wa mama na wa baba, na kila mmoja na kifo chake: huyu uzee, huyu nyoka, huyu uzazi, huyu alianguka kisimani akiwa amelewa. Titi halikuwamo. Nikamwambia anaweza kuvitumia kwa muda, asivizoee, na aje nimpime.

Nikamgeukia Nkamba.

"Mama yangu alikufa kwa uzee," akasema. "Mama wadogo wapo, wanalima mpaka leo."

"Na sengi zako?"

"Nilikuwa naye mmoja. Alikufa zamani, mimi msichana."

"Aliugua nini?"

"Hakuugua. Watu tu."

Nyie mnaotoka mbali mjue: mtu wa huku akisema fulani aliuawa na watu, hasemi habari ya mapanga. Anasema amelogwa. Na akishalogwa, ugonjwa unafutika. Mtu anaweza kufa na uvimbe wa ukubwa wa boga, ukija kuuliza miaka ishirini baadaye unaambiwa hakuwa mgonjwa. Kwa hiyo acheni kuuliza nani aliugua. Ulizeni nani aliuawa na watu, kisha mwulize hao watu walimshika wapi mwilini. Mimi nilikuwa nimekwisha kulijua hilo, nikamuuliza, nikimwita mayu, yaani mama.

"Watu walimshika wapi, mayu?"

Nkamba akamtazama wifi yake. Wifi akatazama kucha zake.

"Hayo muulize kaka," akasema Nkamba. "Halafu sengi anaingiaje hapa? Titi nimenyonya la mama. Kama ni ugonjwa wa titi, si ungetoka kwa mama?"

Hapo ndipo kila siku niliponyong'onyea. Ng'ombe wa mahari wakishavuka kuingia kwenye boma, mtoto ni wa baba: jina la baba, ukoo wa baba, miiko ya baba. Mama anaweza kumbeba mimba na kumlea, na bado ataambiwa mtoto si wake. Lakini ikifika kwenye titi, ghafla mtoto ni wa mama peke yake, na baba hahusiki hata kidogo. Nimeyasikia haya kwa Wakatoliki, kwa Waprotestanti na kwa wasiokwenda kanisani. Hata wasomi wetu wanaandika "hakuna historia" baada ya kuuliza habari za mama tu, na ninyi wasomaji wangu msijifanye hamjui ninamsema nani.

Nikamwambia Nkamba aache vile vidonge mpaka nijue sengi yake alikufa na nini.

"Nesi, tangu nianze ninalala usingizi," akasema. "Wewe umewahi kukosa usingizi msimu wa palizi? Na mbona wifi humkatazi? Tunanunua duka moja, pakiti moja."

"Yeye nimemuuliza akanijibu. Wewe hujanijibu."

Masanja mwenyewe alikuwa nje, amesimama na baiskeli yake, mwanaume mrefu, mpole kwa sura, amevaa kofia ya pama. Nikatoka nikamsalimia, nikamuuliza juu ya sengi yao. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, "Sengi yetu hakuugua. Aliuawa na watu, na hao watu walishughulikiwa. Usiulize tena." Akampakia mkewe nyuma ya baiskeli, Nkamba akadandia ya kijana mmoja wa kukodi, wakaenda zao Dutwa. Nkamba aliendelea na vidonge. Kila alipokuja mjini nilimkumbusha, na kila mara aliniambia yeye na wifi wanatumia na hawajambo.

Miaka ikapita, kisha akaletwa. Alikuwa ameficha uvimbe chini ya kanga kwa muda mrefu, na alianzia kwa mganga kabla ya kuja kwangu. Haikuhitaji vidole. Ngozi ya titi ilikuwa imefanya vishimo kama ganda la chungwa, na kwapani kulikuwa na mafundo. Tukampeleka Mwanza, Mwanza wakatazama, wakamrudisha. Alifia kwa kaka yake, akiwa na akili zake timamu mpaka mwisho. Nilimpenda Nkamba. Nilikasirika, nikalia, nikakasirika tena, na kwenye msiba nikakaa kati ya wanawake nikisikia wakinong'ona kwamba ni watu walewale waliommaliza sengi yake. Masanja alikaa mbali na wenzake.

Baada ya hapo maneno yakagawanyika mafungu mawili, na yote mawili yalinitia wazimu. Fungu la kwanza likasema: mtazameni Kabula, amemeza vidonge vilevile, ni mzima anabeba magunia, kwa hiyo vidonge havina neno. La pili likasema Maduhu anauza kansa. Halafu redio nayo ikatangaza kwamba huko ng'ambo wameona vidonge vya homoni vinaongeza hatari ya saratani ya titi, na watu wa fungu la pili wakaja hospitali na furaha kama walioshinda kesi. Wanawake wakatupa vidonge vya homoni, wakatupa na vya uzazi wa mpango, kuna aliyetupa hadi vya malaria. Mwaka uliofuata wodi ya wazazi ilijaa mpaka tukalaza watu chini. Miaka yote nilipokuwa nikisema "ulizeni kwanza" hakuna aliyesikia, na siku waliposikia wakasikia kupita kiasi.

Wakati huo akaja daktari kutoka Mwanza kutufundisha. Alizungumzia vinasaba, yaani yale tunayorithi ndani ya damu, nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Nikamuuliza, je, Nkamba aliuawa na vidonge? Akasema kwa mtu mmoja huwezi kujua. Huenda ugonjwa ungekuja tu, hata bila vidonge. Nikamuuliza kwa nini Kabula amenusurika. Akasema kwa wanawake wengi vidonge huongeza hatari kidogo, hasa vikitumiwa muda mrefu, lakini wapo ambao kwa kurithi wanaanzia mahali pa hatari zaidi. Kama kile walichorithi kinavifanya vidonge kuwa vibaya zaidi kwao kuliko kwa wengine, bado wanatafiti na majibu yanapingana. Nikamuuliza swali langu la mwisho: je, huo urithi unaweza kupita kwa baba? Akasema unapita kwa baba sawasawa na kwa mama. Baba mara nyingi haugui, lakini anaupitisha. Nilimheshimu kwa kukubali kwamba mengine hawayajui. Lakini nilikuwa nimekaribia kumkumbatia kwa lile la mwisho, na nikatazama wenzangu wangapi wameliandika. Walikuwa wanaulizana kuhusu chai.

Tangu hapo nikawaeleza wanawake hivi, nanyi mnaweza kuniibia: wanawake wawili wanavuka mto Simiyu. Mmoja maji yako magotini, mwingine yako kifuani. Mvua ikinyesha huko juu maji yakapanda kidogo, wa kwanza atalowa kanga na kucheka. Wa pili huenda asicheke. Maji yaliyopanda ni yaleyale, sharti ujue umesimama wapi.

Nilikuwa nimekaribia kustaafu Minza alipokuja. Minza ni binti wa Kabula na Masanja, mwalimu wa shule ya msingi kule Mkula. Hedhi ilikuwa imemkatika mapema mno, na daktari mmoja wa Mwanza, mtu mwenye akili zake, alikuwa tayari kumwandikia homoni kwa sababu kukoma mapema hivyo kunaharibu mifupa na mengine. Ila alimwambia kwanza arudi na habari za ukoo.

"Mama ametumia vile vidonge miaka na miaka, na mpaka leo analima," Minza akaniambia. "Na mimi kila mtu anasema nimefanana na mama."

"Sura umefanana. Damu ni nusu kwa nusu."

"Nilimtajia sengi Nkamba. Daktari akasema kwa mgonjwa mmoja peke yake, tena aliyeugua akiwa mtu mzima, hawezi kuwa na hakika. Anauliza kama kuna mwingine kabla yake." Akashusha sauti. "Baba ananijibu sengi yake aliuawa na watu. Nesi, mimi silali, mifupa inaniuma, nina watoto wawili wa kike. Nivimeze au nisivimeze?"

Jibu lilikuwa Dutwa, kichwani mwa mzee mmoja, na alikuwa amelikalia tangu mimi niko msichana wa soksi nyeupe. Jumamosi tukapanda basi, mimi na Minza.

Tulimkuta Masanja barazani akikaza nati za jembe la kukokotwa. Masikio yalikuwa yamekwisha kuwa mazito. Kabula alikuwa jikoni, mlango wazi. Tukasalimiana salamu zote, sikuruka hata moja, ingawa moyoni nilikuwa nachemka. Kisha nikauliza.

"Nilikwisha kukujibu," akasema.

"Ulinijibu ukiwa na dada. Sasa huna."

Akaendelea na nati. Nikamwambia kwa sauti kubwa, kwa sababu ya masikio yake na kwa sababu uvumilivu ulikuwa umeniishia, kwamba sina haja na uchawi, sina haja na mahakama, ninataka neno moja tu: walimshika wapi? Kabula akatoka jikoni na mwiko mkononi. Miaka yote sikuwahi kumsikia akimpandishia mumewe sauti.

"Mwambie," akasema. "Mwambie huyu mtoto, au nitasema mimi, na mimi sikuwepo."

Masanja akaweka spana chini.

"Titi," akasema. "Lilianza kama jiwe, likapasuka, likawa kidonda. Harufu ilikuwa haikaliki ndani. Mganga akasema ni jirani. Ni Mayu Holo, yule mjane aliyekuwa akimletea sengi maziwa. Akasema ameyatia kitu." Akafuta mikono kwenye suruali. "Vijana tulikwenda kwake kumfukuza. Mimi ndiye niliyepanda juu nikatoa nyasi za paa. Alitoka na kuku mmoja na chungu, akashika njia ya Mkula. Nasikia alifia huko kwa watu asiowajua."

Minza akamtazama baba yake. Yeye anafundisha Mkula.

"Nikisema sengi aliugua," Masanja akasema, "basi Mayu Holo..."

Ndipo nikaelewa kwa nini nilijibiwa vibaya miaka yote ile. Mzee hakuwa anaficha ugonjwa. Kila aliposema "watu" alikuwa anashikilia paa lile lisimwangukie. Nilimwonea huruma, lakini hasira ilizidi, nami sitadanganya kwamba nilisema maneno ya hekima. Nilimwambia, "Mzee, Holo hawezi kurudi. Nkamba hawezi kurudi. Titi la mwanao lipo hapa, na lina watoto wawili nyuma yake."

Alipapasa jembe. Kisha akasema, "Beja," yaani haya. "Nitakwenda kusema hospitali. Hapa hapana. Niliokuwa nao siku ile bado wako hai, na wengine ni majirani wa ukuta mmoja."

Niseme kwanza ya Minza, msije mkasoma mkikimbilia mwisho. Daktari wake alipopata habari za watu wawili upande mmoja wa damu, alimshauri asitumie homoni, akampa vidonge vingine vya mifupa na vya kumsaidia kulala, na kila mwaka anapimwa matiti Mwanza kwa mashine na kwetu kwa mikono. Hicho kipimo cha vinasaba chenyewe hatukuwa nacho, na sina hakika kama ninyi mtakipata kabla hamjastaafu. Mpaka ninapoandika haya hana kitu, bado hulala vibaya, na bado hunilaumu mimi kwa usingizi wake. Nalaumika kwa furaha.

Jumatatu ile Masanja alikuja na Minza. Wewe uliyekuwa zamu siku hiyo unajijua, sitakutaja. Benchi lilikuwa limejaa, na nusu ya waliokaa walikuwa watu wa Dutwa waliokuja na basi la asubuhi. Nilitaka kumwingiza ndani kwenye chumba. Akakataa, akasema goti linauma, akakaa pale pale kati ya watu. Sijui kama ni goti.

Ukamuuliza swali kama nilivyokufundisha, tena vizuri: upande wa baba, nani aliugua titi, na nani aliuawa na watu, na walimshika wapi. Naye akajibu kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri, benchi zima likasikia.

"Sengi yangu. Titi, likawa kidonda. Dada yangu Nkamba, titi. Na Mayu Holo."

"Huyo Holo," ukauliza, "ni wa upande wa baba au wa mama?"

"Si ndugu," akasema Masanja. "Alikuwa jirani. Hakumloga mtu."

Mwisho wa benchi alikuwepo mzee mmoja wa Dutwa, wa rika la Masanja, aliyemsindikiza mkewe kupima presha. Alivua kofia yake, akaiweka magotini, akainamisha kichwa, na mkewe alipoitwa, mzee hakusikia.